Mlimba: mzigo mzito ukishashuka kwenye treni

Abiria anayekwenda Mlimba kwa treni ya TAZARA kutoka Dar es Salaam hufika akiwa amekwishaliona bonde la Kilombero karibu lote. Amepita Mang'ula, ambako milima ya Udzungwa husimama upande wa kulia kama ukuta uliovikwa msitu. Amepita Ifakara, mji wa hospitali na masoko, kisha Mbingu na Chita. Upande wa kushoto mashamba ya mpunga yametandazwa hadi macho yanachoka, na nyuma yake uko mto ambao hufurika masika na kulirudishia bonde rutuba yake. Halafu tambarare inakoma. Hapo ndipo Mlimba, na mbele yake ni milima tu.

Wajenzi wa reli waliijua shida hiyo vizuri. Ujenzi ulizinduliwa Oktoba 1970 na reli ikafika Mlimba mwaka uliofuata. Kipande kilichofuata, kilomita 158 kutoka Mlimba hadi Makambako, ndicho kilichowatoa jasho Watanzania, Wazambia na Wachina waliokuwa kazini. Reli nzima ina urefu wa kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia, lakini karibu asilimia 30 ya madaraja, mahandaki na kazi za udongo imo katika kipande hicho kimoja. Daraja la mto Mpanga limesimama juu ya nguzo tatu zenye kimo cha karibu mita 50. Handaki la Irangi namba 3 lina urefu wa mita 800 hivi.

Makambako iko juu ya Mlimba kwa zaidi ya mita 1,000, na hakuna injini ya treni inayopanda ukuta. Kwa hiyo wahandisi waliuchukua ule mwinuko wakaurefusha, wakauzungusha kwenye mabonde na kuupitisha ndani ya miamba, hadi ukawa kwa wastani chini ya mita 10 kwa kila kilomita. Treni yenye mamia ya tani haiinuliwi kwenda Makambako. Inasukumwa taratibu juu ya mteremko mrefu, basi.

Ajabu ni kwamba chini ya reli hiyo hiyo, mita chache kutoka kwenye njia ya treni, watu bado wanainua mizigo kwa migongo.

Kinachoshuka

Mlimba ni mji wa mpunga. Wamo Wandamba na Wabena, Wapogoro na Wahehe, na wamo waliohamia kutoka mbali, Wasukuma wakiwa wengi miongoni mwao, wakifuata ardhi na maji. Barabara ya kutoka Ifakara kupitia Mngeta na Chita ina sifa zake wakati wa mvua, na dereva wa Fuso aliyewahi kulala njiani hahitaji kusimuliwa. Ndiyo maana reli imebaki kuwa mkono wa kulia wa watu wa bonde. Ile treni fupi iliyokuwa ikisimama kila kituo walikwishaipa jina lao wenyewe, kipisi, na wachuuzi waliipanda na mchele, ndizi, kuku na samaki wakavu kama watu wanaopanda daladala.

Lakini treni haileti na kuchukua vyakula tu. Huleta majokofu, makabati, mapipa, mabati, na mara moja moja huleta kitu ambacho familia nzima imekisubiri: mashine ya kukoboa.

Anayeishi mjini huenda asielewe uzito wa neno hilo. Mkulima anayeuza mpunga na mkulima anayeuza mchele wanatoka shamba moja lakini hawarudi nyumbani na fedha moja. Mwenye mashine hukoboa wake, hukobolea majirani kwa malipo, na hubaki na pumba za kuuzia wafugaji. Kwa hiyo familia hukopa kwenye kikundi, huuza ng'ombe, huomba mtoto aliyeko Dar aongezee, na siku moja mashine inafika. Injini ya dizeli ya silinda moja, ile aina ya S195 ambayo imo pia kwenye pawatila nyingi, peke yake ina uzito wa karibu kilo 150. Ukiifunga pamoja na kichwa cha kukobolea juu ya fremu ya chuma, kilo 300 si jambo la kushangaza.

Basi huitwa vijana. Wanne, watano, sita. Mmoja anasema, "Kaka, shika huko chini." Mwingine anamwambia mwenye mashine, "Mama, wewe kaa pembeni, tunaiweza hii." Inahesabiwa moja, mbili, tatu, na kitu kinaondoka ardhini kwa kelele.

Hesabu yake ni hii. Kilo 300 kwa watu wanne ni kilo 75 kila mmoja, na hiyo ni kama ardhi iko sawa na wote wamesimama sawa. Mmoja akiteleza, waliobaki wanashika kilo 100 kila mmoja, ghafla, wakiwa wamepinda. Wakishuka ngazi au wakitoka kwenye gari, walio upande wa chini hubeba karibu wote. Shirika la Kazi Duniani lilipendekeza mwaka 1967 kwamba mtu mzima mwanaume asibebeshwe zaidi ya kilo 55, na bado watu wa bonde hawajawahi kuliona gunia la mpunga linalojali pendekezo hilo. Gunia la lumbesa huvuka kilo 100 na hupanda kwenye Fuso juu ya bega la mtu mmoja, kwenye ubao unaocheza.

Vijana hawa si wajinga. Wana nguvu na wanaijua kazi. Tatizo ni kwamba nguvu haina akiba ya pili. Kidole kilichobanwa chini ya fremu, kiuno kilichokatika, ngiri iliyojitokeza usiku baada ya kazi: gharama hizo hazimo kwenye ujira wa siku, na hospitali ya rufaa ya Mtakatifu Fransisko iko Ifakara, upande wa pili wa barabara ile ile. Anayeumia mara nyingi ni kijana wa jirani au shemeji, aliyekuja kusaidia kwa soda na shukrani. Kwa mwenye mashine hapo ndipo furaha ya kuipokea hugeuka deni ambalo halina tarehe ya kumalizika.

Somo kutoka kwa wahamisha piano

Piano si mzigo wa Mlimba. Kwaya za bonde hutumia kinanda cha umeme ambacho mpigaji hukibeba kwapani, na kinachowatoa watu jasho ni spika. Hata hivyo wanaohamisha piano huko Ulaya na Marekani wana ujuzi unaofaa kabisa kwa mtu mwenye mashine ya kukoboa, kwa sababu mizigo hii miwili ina tabia moja: ni midogo kwa macho, mizito kwa chuma, na uzito wake haukai katikati.

Piano ya kusimama, ile inayoegemezwa ukutani, kwa kawaida ina uzito wa kilo 200 hadi 300. Ile kubwa ya kumbi za maonyesho, yenye miguu mitatu, hukaribia kilo 500. Ndani yake kuna fremu ya chuma cha kumimina inayoshikilia nyuzi zaidi ya 200, na mvuto wa nyuzi hizo zote kwa pamoja hufika tani 15 hadi 20. Katika piano ya kusimama chuma hicho chote kiko upande wa mgongo. Ndiyo maana huanguka kwa nyuma kirahisi, na ndiyo maana mtu anayeisukuma kwa mbele akidhani ni kabati hupata mshtuko.

Wenye kazi hiyo hawaiinui. Wanainamisha. Huleta vifaa ambavyo watu wawili huvibeba mkononi: kigari cha chini chenye magurudumu manne, ubao mpana wa kuteleza, mikanda, mablanketi, na katika karakana fremu maalumu ya kuinamishia yenye magurudumu, ambayo hushikwa mgongoni mwa piano na kuilaza polepole bila mtu kuukumbatia mzigo. Piano huegemezwa kidogo, kigari huingizwa chini ya ukingo ulioinuka, kisha hurudishwa juu yake. Mzigo wote umekwenda juu kwa sentimita chache tu, na hakuna aliyeubeba wote hata kwa dakika moja.

Kinachofaa kukaa kichwani ni jinsi uzito unavyobadilika wakati wa kuinamisha. Chukua kitu cha kilo 240, kimo chake sentimita 120, unene wake sentimita 60, uzito ukiwa katikati. Ukikisukuma kwa juu, mwanzoni unahitaji nguvu ya kama kilo 60. Kadiri kinavyoinama, nguvu inayohitajika inapungua, inapungua, hadi inafika mahali ambapo kitu kimesimama kwenye ukingo wake na mtoto angeweza kukishikilia. Wengi hufurahi hapo. Hapo ndipo pa hatari. Sentimita moja zaidi na uzito unahamia upande wa pili, na aliyekuwa anasukuma hana tena cha kufanya. Aliye upande wa pili ndiye anayeupokea. Ajali nyingi za mizigo mirefu hazitokei mtu anapohangaika. Hutokea mambo yakiwa mepesi.

Kwa hiyo kabla ya kuinamisha chochote, mtu au kamba lazima iwe tayari upande kinakoelekea kulala. Na asiwepo mtu mwingine huko, hasa watoto, ambao kwenye shughuli kama hii huwa wamejaa.

Mtaimbo, mabomba na mbao

Fremu ya kuinamishia piano haiuzwi Mlimba. Haihitajiki. Vitu vinavyofanya kazi ile ile vinapatikana kwa fundi chuma na kwenye duka la vifaa vya ujenzi: mitaimbo miwili, vipande vinne vya bomba la chuma vyenye urefu wa mita moja hivi, mbao nene, kamba ndefu, jeki ya gari na magunia matupu. Mbao si shida katika bonde linalolima mitiki.

Mtaimbo ni wenzo, kama walivyofundishwa watoto darasani. Mtaimbo wa mita moja na nusu ukiwekewa kipande cha mti sentimita 10 kutoka kwenye ncha, mkono uko mbali na egemeo mara 14 kuliko mzigo. Kuinua ukingo mmoja wa mashine ya kilo 300 ni kuinua nusu yake, kilo 150. Gawanya kwa 14: ni kilo 11 hivi. Mama mwenye mashine, yule aliyeambiwa akae pembeni, anaweza kufanya kazi hiyo mwenyewe huku anaongea.

Ukingo ukishainuka, bomba linaingizwa. Upande wa pili vilevile. Mashine ikishakaa juu ya mabomba matatu inasukumwa na watu wawili, na la nne huwekwa mbele kupokea. La nyuma likiachwa huokotwa likapelekwa mbele tena. Kwenye sakafu ngumu kazi huwa kama mchezo. Kwenye udongo wa Mlimba baada ya mvua mabomba huzama na hayazunguki, na hapo ndipo watu huyatupa wakasema hayafai. Yanafaa, ila hayajapewa barabara. Mbao mbili ndefu hulazwa chini, mabomba juu ya mbao, mzigo juu ya mabomba. Mbao nyingine mbili hutandazwa mbele, na za nyuma hufuata. Ni reli ya kuhamahama. Njia ya mita 50 kutoka barabarani hadi bandani inaweza kuchukua saa nzima, na vijana wenye haraka watalalamika.

Kushusha kutoka kwenye gari ni mahali pengine panapohitaji subira. Bodi ya lori iko juu ya ardhi kwa mita moja na zaidi. Mbao imara za mita nne zikiegemezwa hapo hufanya mteremko ambao mzigo huushuka kwa robo tu ya uzito wake, na msuguano husaidia kupunguza zaidi. Kilo 75, badala ya 300. Lakini hata hizo haziachiwi watu waliosimama chini wakizuia kwa vifua; hilo ni kosa linaloonekana kila mahali na halina utetezi. Mzigo hushikwa kutoka juu kwa kamba, na kamba huzungushwa mara mbili au tatu kwenye mti au nguzo iliyochimbiwa. Msuguano wa kamba kwenye mti hufanya karibu kazi yote, kiasi kwamba mtu mmoja huachia kidogo kidogo na mzigo unateremka kwa adabu. Asiizungushe kamba hiyo mkononi mwake kamwe. Kamba ikikimbia, huondoka na vidole.

Kazi ya mwisho ni kuipandisha mashine juu ya msingi wa zege ili matundu ya fremu yaingie kwenye boliti zilizosimama. Hapa vidole vingi hupotea, maana kila mtu anataka kuchungulia na kuelekeza kwa mkono. Njia salama ni ya kupandisha kwa vipande: wenzo unainua upande mmoja, kipande cha ubao kinaingia, upande wa pili, kipande kingine, hivyo hivyo hadi mashine imepita kimo cha boliti. Kisha inashushwa kwa kuondoa vipande kwa zamu. Kipande husukumwa kwa fimbo, si kwa vidole, na aliyeshika mtaimbo haachii hadi aambiwe. Anayeamuru ni mmoja tu. Kwenye shughuli yenye makamanda watatu, mashine humsikiliza wa nne.

Yapo na ya kiufundi ambayo fundi mzuri hukumbusha mapema. Mafuta ya dizeli na oili hutolewa kabla ya kuilaza injini, la sivyo oili hukimbilia kwenye silinda na kuleta taabu siku ya kuwasha. Mkanda na vitu vinavyofunguka vifunguliwe vibebwe peke yake. Wapagazi wa zamani, waliopita nchi hii na mizigo ya kama kilo 30 kila mmoja, waliijua siri hiyo. Hata meli ya Ziwa Tanganyika, ambayo leo inaitwa MV Liemba, iliundwa Ujerumani mwaka 1913, ikafunguliwa na kufungwa kwenye masanduku 5,000 hivi kabla ya kusafirishwa hadi Dar es Salaam na kupandishwa reli kwenda Kigoma. Kinachofunguka hakina sababu ya kubebwa kizima.

Masufuria na mitaimbo

Katika mitaa ya mji kama Mlimba hakosekani mama mwenye masufuria makubwa, viti vya plastiki na turubai ambavyo watu huazima au kukodisha kwa harusi na misiba. Hakuna familia inayonunua sufuria la kupikia pilau la watu 200 kwa ajili ya siku moja. Mitaimbo na mabomba vingefaa kukaa kwenye stoo hiyo hiyo. Mashine ya kukoboa hufika kwa familia mara moja katika maisha, lakini mtaani huwapo kila mwaka jokofu la duka, kabati la bibi harusi, tangi la maji, pawatila iliyozama, kichwa cha pampu. Vikundi vya kuweka na kukopa tayari vinakopesha fedha za kununulia mashine. Kikundi kinachokopesha mamilioni kikikosa mabomba manne ya kuifikisha bandani kimeacha kazi katikati.

Vijana wa stesheni nao hawatapoteza kazi yao, kama wengine wanavyohofu. Wahamisha piano hawalipwi kwa misuli. Hulipwa kwa sababu kitu kinafika bila mkwaruzo na hakuna aliyeumia, na hulipwa vizuri kuliko mbeba gunia. Kundi la vijana wanne wa Mlimba lenye vifaa vyake kwenye guta, linalojua pa kusimama na pa kutosimama, litaitwa Chita na litaitwa Mngeta.

Mashine ikishafungwa boliti huachwa itulie, oili hurudishwa, maji hujazwa, kisha hendeli huzungushwa. Kwa kawaida majirani huwa wamekwisha kupanga madebe yao ya mpunga mlangoni kabla moshi wa kwanza haujatoka. Mabomba huoshwa matope na kusimamishwa kivulini, na mara nyingi mtu wa nyumba ya tatu huyaulizia kabla hayajakauka.